Baiskeli Zilizovuta Kulia

Mimi sijui kuendesha baiskeli. Nasema mapema ili mtu asije akanibishia huko mbele. Nimekaa kando ya fundi wa baiskeli hapa Voi miaka mingi, cherehani yangu upande huu wa baraza, vyuma vyake upande ule, na sijawahi kukalia kiti cha baiskeli hata ikiwa imesimama. Ninachokijua kuhusu hizo mashine kimeingia kwa masikio, maana yule mzee alikuwa hanyamazi.

Baraza lilikuwa moja, mafundi wawili. Mtu akipita akaita "Fundi!" tulikuwa tunainua vichwa pamoja, halafu yeye anamuuliza, "Wa nguo au wa chuma?" Mimi aliniita Mama Wakesho, kwa jina la binti yangu. Mimi nilimwita Fundi tu, kama mji mzima ulivyomwita, na hapa nitamwita hivyo hivyo. Habari za ukoo wake waulize watu wa Sagalla. Mimi namjua kuanzia saa ya kufungua kazi mpaka saa ya kufunga.

Nataka kumweleza alivyokuwa kabla watu hawajamaliza kumgeuza kuwa mtu mwingine. Siku hizi ukimtaja sokoni unaambiwa, "Si yule mzee wa kupinda baiskeli?" Naumia nikisikia hivyo. Kupinda alipinda, siwezi kukataa, na nyingi aliweza kuzinyoosha tena. Lakini kulikuwa na moja ya rangi ya kijani aliyomuuzia mtu asiyemjua, ikatoka mjini ikiwa imepinda kuelekea upande ambao lori hupita. Hiyo moja ilimnyima chakula, ikamnyima usingizi, mwishowe ikamtoa kwake. Nitafika huko. Kwanza mtu mwenyewe.

Alikuwa mrefu, mkavu, na mguu wa kulia wa suruali umechomekwa ndani ya soksi, hata Jumapili, hata kwenye matanga. Cheni iko upande wa kulia, kwa hivyo suruali zake zote zilikufa upande huo. Nilikuwa namshonea kiraka juu ya kiraka. Nilimwambia siku moja, "Fundi, nikushonee suruali ya mguu mmoja tu wa kubadilisha?" Akafikiri kidogo, akaniuliza kama inawezekana. Hakuwa anatania.

Salamu yake kwa mteja ilikuwa moja: "Umepanda au umesukuma?" Ukisema umepanda, anaendelea na chai yake, maana ugonjwa bado si mkubwa. Ukisema umesukuma, anaweka kikombe chini hata kama amekijaza sasa hivi. Chai yenyewe aliinywa bila sukari na alimcheka kila anayetia. Na kama mafundi wote wa dunia, mimi nikiwemo, neno lake kubwa lilikuwa "kesho". Alinidanganya kesho nyingi kuhusu mguu wa cherehani yangu uliolegea, na mimi nikamlipa kwa kesho za suruali. Tulikuwa sawa.

Kazi yake ilikuwa na sheria moja. Baiskeli haitoki pale kabla yeye mwenyewe hajaipanda. Hata kama umeleta pancha tu. Anaziba pancha, anajaza upepo, anaipanda kutoka barazani hadi kwenye kinu cha posho kule mbele, na katikati ya njia anaachia mikono. Mikono yenyewe anaiweka mapajani, mgongo umenyooka, uso umetulia, utadhani yuko kanisani. Ikienda moja kwa moja mpaka kwenye kinu, anageuka, anarudi, anakukabidhi. Ikivuta upande, hata kidogo namna ambayo wewe mwenyewe hujawahi kuona, anarudi akiisukuma na siku hiyo huipati. Watu walilalamika. "Fundi, mimi nilileta pancha." Naye anawajibu, "Wewe umeleta baiskeli."

Ikawa desturi ya mji. Watu wawili wakiuziana baiskeli kuukuu, hawakubishana sana juu ya fremu wala rimu. Waliileta kwetu, wakasimama kando, wakamwangalia mzee akiondoka nayo. Akiachia mikono mpaka kwenye kinu, wanapeana mikono pale pale. Mtu akikuta baiskeli inauzwa, swali lilikuwa, "Fundi ameiachia mikono?" Basi. Mwili wa yule mzee ndio uliokuwa mizani ya Voi, kutoka Birikani hadi Sofia, na hakuna aliyewahi kuuliza nani anaipima mizani.

Sasa, mimi nilidhani baiskeli ni kitu rahisi. Magurudumu mawili, cheni, unakanyaga. Siku moja mvua ilitufungia barazani nikamwambia hivyo, akanitazama kama nimemtukania mama yake. Akachukua chaki yangu ya kuchorea vitambaa bila kuomba, akapiga magoti, akachora gurudumu la mbele kwenye sementi.

"Angalia shingo," akasema. "Shingo ya baiskeli haijasimama wima, imelala nyuma kidogo. Ukiurefusha mstari wake mpaka chini, unagusa ardhi hapa. Lakini tairi linagusa ardhi hapa, nyuma yake. Kwa hivyo gurudumu linaifuata shingo, linaburutwa. Na kitu kinachoburutwa hujinyoosha chenyewe."

Akachora uma, zile paipu mbili zinazoshika gurudumu. "Na huu uma haukunyooka. Mwisho wake umepindwa mbele. Ukiupinda zaidi, hii nafasi inapungua, usukani unakuwa mwepesi, baiskeli inashtuka hata ukipiga chafya. Ukiunyoosha, nafasi inaongezeka, usukani unakuwa mzito, kona inakataa. Nafasi yenyewe ni vidole vitatu hivi. Baiskeli yote inaishi hapo."

Nikamwambia hilo nalielewa, ni kama mkono wa koti. Ukikosea kidole kimoja pale begani, koti zima linavutika mpaka kwenye vifungo na mwenyewe hajui kwa nini hapumui vizuri. Alifurahi siku hiyo. Akasema nimeelewa kuliko wanaozipanda, na chaki yangu hakuirudisha.

Kila aina aliisema kwa tabia yake. Zile bleki mamba nyeusi za kizamani, shingo yake imelala sana na mwili ni mrefu, kwa hivyo haziharakishwi, lakini mlevi anafika nazo nyumbani. Kuna msafiri alipita akielekea Taveta na baiskeli nyembamba ya mbio, shingo imesimama, magurudumu yamekaribiana. Fundi akaipanda, akarudi na jasho, akasema ni sawa na kumkalia mbuzi. Zile za mitumba zenye springi aliziita baiskeli zenye magoti. "Wewe unakanyaga, yeye anachuchumaa." Alizidharau kweli kweli, na ndizo alizozitengeneza kwa upole zaidi, kwa sababu ndizo walizoletewa watoto wa shule.

Mteja wake mkubwa alikuwa Mutua, Mkamba mmoja mchangamfu aliyekuwa anauza maji, mitungi minne nyuma ya baiskeli, hoteli kwa hoteli. Mutua alipoanza kazi alifunga mitungi juu ya keria, na mbele kukawa kwepesi mpaka gurudumu linanyanyuka akipanda kilima. Fundi akamchomelea vyuma vya kuning'iniza mitungi chini, kando ya gurudumu, na kuisogeza mbele karibu na mgongo wa Mutua. Baiskeli ikatulia. Tangu hapo Mutua akamwamini kama daktari, ila kwa jambo moja.

Fundi alimwambia kwamba mtu akitaka kukata kona ya kushoto, huanza kwa kuusukuma usukani kulia kidogo, baiskeli inalala kushoto, ndipo inageuka. Mutua alicheka mpaka akaweka kikombe chini. "Fundi, leo umekunywa nini?"

"Nenda ukajaribu. Usishike usukani, usukume tu kwa kiganja."

Mutua akaenda akicheka, akarudi akikitazama kiganja chake. Kwa siku kadhaa alikuwa anayumba njiani, mitungi inamwagika, maana kila kona alikuwa anafikiria. Alikuja kulalamika. "Nilikuwa naendesha vizuri kabla hujaniambia." Fundi akamjibu kwamba mwili ulikuwa unajua siku zote, shida imeanza kichwa kilipojua.

Kwa maneno yote hayo, ukimuuliza swali dogo kabisa, kwa nini baiskeli husimama ikiwa inakwenda na huanguka ikiwa imesimama, alisema hajui. Alisema bila aibu. "Wengine watakwambia ni magurudumu kuzunguka. Wengine watasema ni uma. Nimeona yenye uma mbaya ikienda vizuri, na nimeona yenye kila kitu sawa ikamkataa mwenyewe. Ukigusa kimoja vingine vyote vinabadilika. Ndiyo maana lazima uipande." Hicho ndicho alichokiamini. Vipimo vya kamba, vya rula, vya kutazama kwa jicho moja, aliviita vya wavivu. Baiskeli inapimwa kwa makalio, alisema, na samahani kwa neno hilo lakini ni lake.

Alikuwa na mambo yake ya kupingana. Bodaboda aliwachukia, alisema wameua miguu ya vijana, na mvua ikinyesha ndiye wa kwanza kupigia mmoja simu aje kumchukua. Aliwakemea watu kwa kasi, lakini yeye mwenyewe akitoka Wundanyi kuteremka Mwatate, kwenye zile kona, alijisifu kwamba hagusi breki ya mbele. Mkewe alimwambia mbele yangu, "Utarudishwa nyumbani kwa shuka." Akacheka. Hakuwa na hofu ya kuanguka hata kidogo, na mimi nikiangalia nyuma naona hapo ndipo tulipopotea sote, kwa sababu mtu asiye na hofu ya kuanguka anapoanza kuanguka hawezi kusadiki kwamba ni yeye.

Ilianza kidogo. Alirudi kutoka kwenye kinu siku moja akiwa ameweka mguu chini, akasema ni upepo. Upepo wa Voi unasingiziwa mengi, nikaendelea kushona. Halafu baiskeli yake mwenyewe, ile aliyoipanda tangu nimjue, ikaanza kuvuta kushoto. Aliifungua yote. Akabadilisha gololi za shingoni, akakaza spoku moja moja, akatoa tairi la mbele akaweka la nyuma. Akatafuta uma mwingine. Akaupinda mbele zaidi, baiskeli ikawa na wasiwasi. Akaunyoosha, ikawa nzito kama mkokoteni. Alipoachia mikono, bado ilimwelekeza kushoto. Nilimsikia akiisemesha. "Nimekukosea nini?" alikuwa anaiambia, na mimi nikaona ni mzaha wake wa kawaida.

Nilimwona pia anashika nguzo ya baraza kabla ya kupanda. Nilimwona anatembea huku kiganja kinapapasa ukuta. Alisema ni goti, nikampa mafuta ya kuchua.

Baadaye kidogo akaanza kusema kwamba baiskeli zote zinazoletwa zinavuta kushoto. "Hii barabara mpya imewaharibia watu," alisema. Kwa hivyo akawa anawanyooshea. Anaufunga uma kwenye jiriwa, anauvuta kulia kwa paipu, pole pole, kidogo sana. Anaipanda. Bado. Anairudisha, anavuta tena. Hatimaye anaachia mikono na inakwenda moja kwa moja mpaka kwenye kinu, na anarudi uso umejaa furaha. "Sasa imekaa." Nilifurahi naye. Baiskeli ngapi zilitoka pale barazani miezi ile sijui, lakini zilitoka, na kila moja ilikuwa imeachiwa mikono na Fundi, na mwenyewe aliichukua bila kuuliza.

Mutua ndiye aliyetuletea habari, mkono umefungwa plasta, na jamaa wa kinu akimsukumia baiskeli. Hakuja kwa ugomvi. Hilo ndilo lililokuwa gumu zaidi.

"Fundi," alisema, "hii baiskeli yako inanipeleka barabarani."

Alikuwa ameangukia katikati ya lami pale njia panda ya Mwatate, mitungi imejaa. Lori lilikuwa nyuma yake. Dereva alikanyaga breki mpaka trela likakaa mshazari, na Mutua akabaki amelala akiangalia tairi. Alituambia rangi ya matope yaliyokuwa kwenye lile tairi. Alisema amekuwa akipigana na baiskeli tangu aichukue, mabega yanamuuma, akadhani ni uzee wake.

Mtu wa mbali huenda asione uzito wa jambo hili. Hapa kwetu tunaendesha upande wa kushoto. Baiskeli ikikuvuta kushoto, utaishia kwenye vumbi, labda mbuzi wa mtu akukimbie. Ikikuvuta kulia, inakupeleka kwa lori.

Fundi akaichukua. Akashika nguzo, akapanda, akaenda akaachia mikono. Ilikwenda sawa kabisa. Akarudi, akasema, "Imenyooka." Jamaa wa kinu, kijana wa watu mpole mwenye unga mpaka kwenye kope, akasema, "Mzee, hebu na mimi." Akaipanda, akaachia mikono mahali pale pale, na mbele ya macho yetu ikamvuta kulia mpaka akaweka mguu chini.

Fundi akamwambia alete baiskeli yake, ya kinu, ambayo haijaguswa na spana ya mtu tangu inunuliwe. Kijana akaipanda, ikaenda moja kwa moja. Fundi akaipanda. Ikampeleka kushoto mpaka kwenye meza ya mama wa nyanya, nyanya zikamwagika, na yeye juu yake.

Alikaa pale chini kati ya nyanya, akizungusha gurudumu kwa kidole. Halafu akasema, kwa sauti ndogo, "Basi ni mimi."

Nilikuwa nashona sare ya shule. Nililia juu ya kile kitambaa mpaka nikaacha kuona sindano.

Alipelekwa hospitali. Daktari alimweleza kwamba usawa wa mwili uko ndani ya sikio, na la kwake la upande mmoja limechoka, na kwa umri wake huenda lisirudi. Alimpa vidonge vya kizunguzungu. Fundi alirudi ameudhika. "Sikio," alikuwa akisema. "Mimi nimeendesha kwa sikio?" Lakini hakubisha kwa nguvu, na siku hiyo aliinywa chai yangu yenye sukari bila kutambua.

Ungedhani mtu angelilia kazi yake, maana iliisha pale pale. Hakuilia. Alianza kuzitafuta. Hakuwa ameandika popote, lakini kila baiskeli aliyoishika miezi ile aliikumbuka, kasoro zake, na uso wa mwenyewe. Alitoka asubuhi akitembea na jamaa wa kinu, yeye akiwa na spana, kijana akiwa ndiye wa kuachia mikono. Wengine walimruhusu. Wengine walificha baiskeli. Mama mmoja wa Birikani alisimama mlangoni akamwambia, "Ya mume wangu usiiguse. Uliishaigusa." Alinisimulia hilo akirudi, akalirudia, akalirudia tena, kama kitu anachotaka kukizoea.

Nilimwambia, "Fundi, hukufanya kwa kutaka."

"Lori litamuuliza mtu hilo?" akanijibu.

Pole pole hata waliokataa wakalegea, akazimaliza zote isipokuwa ile ya kijani. Aliiunganisha mwenyewe kutoka vyuma vya kutupwa, akaipaka rangi iliyobaki ya geti la mtu, na kwa kuwa ilikuwa yake ya kuuza aliinyoosha sana. Maana yake aliipinda kuliko zote. Aliyeinunua alikuwa mtu wa kupita. Alisema tu kwamba anakaa Miasenyi, kule kwenye barabara ya Mombasa, ambako lori halilali mchana wala usiku.

Mkewe alinijia barazani. Mama mpole, wa maneno machache. "Mama Wakesho, nisaidie kumwambia. Twende Sagalla, shamba lipo, kule juu hakuna baiskeli wala nini." Nikamwambia Fundi. Akaniangalia kwa macho mekundu.

"Nikae shambani nipalilie mahindi," alisema, "nikingoja niambiwe amegongwa?"

Asubuhi iliyofuata baraza lilikuwa na fundi mmoja.

Nilimkuta baadaye sana. Nilikuwa na sare nilizowashonea watu wa Miasenyi, nikashuka pale stendi na mfuko wangu, na mtu wa kwanza kumwona alikuwa yeye, ameketi kwenye kreti la soda lililopinduliwa, ukingoni mwa lami, mkono umeshika nguzo ya kibanda. Amekonda mpaka shati limekuwa la mtu mwingine. Mwenye kibanda aliniambia anakuja na gari la asubuhi kutoka huko anakolala sasa na kuondoka na la jioni, hasumbui mtu, anaangalia baiskeli tu.

"Kwani hujampata?" nikamuuliza.

"Watu wanasema wamemwona. Leo kule, jana huku." Hakunitazama, macho yako barabarani. "Nitamjua hata wakiwa wamebadilisha rangi. Anayevutwa kulia hushusha bega la kushoto kuizuia, mwenyewe hajui. Nitamjua kwa bega."

Niliketi naye. Kila lori lilipofunga breki mahali fulani mbali, niliona mkono wake unakaza ile nguzo. Nilimwambia ale, akasema amekula. Nilimwambia mkewe amelia, akasema anajua. Nilikasirika nikamwambia anajiua kwa ajili ya mtu ambaye huenda aliishaiuza hiyo takataka kwa wauza vyuma. Akasema, "Ungekuwa umeona uma wake, Mama Wakesho, usingesema hivyo."

Na ndipo ikaja. Kutoka upande wa Maungu, kijani ile ile ya geti, na juu yake mwanamume mnene wa makamo, trei za mayai zimefungwa kwenye keria mpaka kufikia shingo yake. Bega la kushoto lilikuwa limeshuka. Fundi aliachia nguzo, akasimama, akaingia barabarani. Nilimshika shati kwa nyuma, likachanika mkononi mwangu, lakini yule mtu alikuwa ameona, akasimama.

"Mzee, unataka kufa?"

"Hiyo baiskeli ni mimi niliyekuuzia," Fundi alisema. Alikuwa ameshaishika kwenye usukani, na sijui ni yeye aliyeishika au ni yenyewe iliyomshika. "Ina makosa. Uma umepinda. Inakupeleka kulia. Nipe dakika chache, nina spana hapa, sitaki chochote."

Muuza mayai akacheka kidogo, si kwa ubaya. "Hilo nalijua. Mwezi wa kwanza ilinitesa. Ilinitupa barabarani, nikasema nitaichoma. Lakini mtu unazoea, mzee. Sasa hivi tunaelewana. Angalia mayai."

"Nikunyooshee tu."

"Usininyooshee. Juzi niliazima ya jirani, imenyooka kabisa, kama unavyotaka wewe. Nilianguka nayo mtaroni kabla sijafika hata kwa jirani wa pili. Mikono yangu imeshajifunza hii. Ukiinyoosha leo, kesho nitakuwa mtaroni tena, na mayai yote juu yangu."

Fundi alilijua jambo hilo kuliko sisi sote, nilimwona analijua. Lakini spana ilikuwa bado mkononi, na alianza kuomba tena, yale yale, dakika chache tu, mpaka yule mtu akamtoa vidole kwenye usukani kimoja kimoja, kwa adabu, akaniambia mimi, "Mama, mshike," akapanda, akaondoka.

Nilimshika. Alikuwa mwepesi, na mwili wote ulikuwa unaegemea upande mmoja.

"Mtazame," akaniambia. "Mimi nikigeuza kichwa dunia inazunguka. Anakwenda wapi?"

Nikamtazama. Malori mawili yalimpita, moja baada ya jingine, upepo wake ukatufikia sisi. Alikuwa kandokando ya mstari mweupe, bega limeshuka, mayai hayatikisiki, na hakutoka kwenye ule mstari hata upana wa kiganja, mpaka akawa mdogo.

"Anakwenda moja kwa moja," nikamwambia.

"Niambie ukweli."

"Ndio ukweli, Fundi. Naapa kwa Mungu."

"Unasema hivyo kwa kunionea huruma."

Kweli nilikuwa namwonea huruma, na aliisikia sautini mwangu, na baada ya hapo hakuna neno langu lililoweza kuingia. Nilirudia, nikaapa tena, nikamwita mwenye kibanda naye akasema vile vile. Alitusikiliza wote wawili kwa heshima. Halafu alipapasa mpaka akaipata nguzo, akaketi tena kwenye kreti, akasema yule mtu lazima atarudi jioni akiwa hana mzigo, na labda hapo atakubali.